Muziki wa Harusi na Masikio ya Wageni Wetu

Kamati ya harusi hukaa vikao vingi kujadili ukumbi, chakula, mapambo na sare. Muziki huachwa mwishoni, na mara nyingi hukabidhiwa kijana wa ukoo mwenye kompyuta na hazina ya nyimbo. Siupingi uamuzi huo. Mpwa anayewafahamu wageni kwa majina huenda akaifanya kazi ya DJ vizuri kuliko mtu wa kukodiwa. Hoja yangu, nikiwa daktari wa masikio, pua na koo, ni kwamba kijana huyo huelekezwa nyimbo za kupiga, lakini haelezwi lolote kuhusu ukubwa wa sauti.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ya desibeli 100 humaliza kiasi cha wiki nzima kabla ya nusu saa kutimia, ilhali sherehe zetu huendelea kwa saa nne au tano. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Wapo wanaosema kwamba harusi bila kishindo si harusi, na kwamba hata ngoma za wazee wetu zilivuma. Ni kweli, lakini ngoma hizo zilipigwa uwanjani, sauti ikatawanyika, na mikono ya mpigaji ilichoka. Spika haichoki, na ukumbi wenye vigae na vioo huirudisha sauti kwa wageni.

Wanaoumia kwanza ni wazee, ambao kwa heshima huketishwa mbele, karibu na spika. Usikivu unaofifia kwa umri hupoteza kwanza sauti nyembamba, zikiwemo konsonanti kama s na f, ambazo ndizo hutofautisha maneno. Kwa hiyo, kuongeza sauti ili bibi asikie hakumsaidii: besi hufunika maneno, na sauti kubwa humuumiza. Bibi aliyesafiri kutoka kijijini kuonana na nduguze hubaki akitabasamu bila kusikia anachoambiwa.

Mpangilio mzuri wa nyimbo unaweza kutatua sehemu kubwa ya tatizo hili. Wakati wa chakula zipigwe taarabu za zamani, au muziki wa dansi wa Msondo na Mlimani Park, kwa kiwango kinachowaruhusu walioketi jirani kuzungumza bila kupaza sauti. Bongo fleva ifuate, na singeli ingoje saa ya vijana, wazee na watoto wakiwa wamesogezwa nyuma au wameaga. Watu huinuka kucheza kwa sababu wameutambua wimbo wao. DJ anayewajua wageni wake hahitaji kuwashtua kwa kishindo.

Spika ziinuliwe juu ya vichwa vya walioketi, na meza za watoto ziwe mbali nazo. Programu ya simu ya kupimia sauti, japo hutoa makadirio tu, inatosha kutoa tahadhari. DJ mwenyewe avae vizibo vya masikio. Nasi wahudumu wa afya tumuulize mgonjwa mwenye mvumo masikioni kama ametoka sherehani. Mvumo usiotulia kwa siku mbili unahitaji uchunguzi, na sikio lililopoteza usikivu ghafla lionwe na daktari siku hiyohiyo.

Napendekeza kila kamati imteue shangazi au mjomba mmoja, anayeheshimiwa na vijana, mwenye mamlaka ya kumwambia DJ apunguze sauti. Jina lake litangazwe kikaoni, na DJ ajue kabla ya siku ya harusi kwamba neno lake halipingwi.