Wahakiki Hawapigi Kura

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa waandishi waliorudishiwa makala ni hili: ikiwa mhakiki mmoja aliisifu kazi yangu na mwingine akaikataa, kwa nini aliyekataa ndiye aliyesikilizwa? Ndani ya swali hilo mna dhana kwamba wahakiki hupiga kura, na kazi ya mhariri ni kuhesabu. Dhana hiyo naipinga, tena kwa nguvu, kwa sababu imeanza kuota mizizi hata miongoni mwetu tunaohariri.

Mswada ukipokewa, husomwa kwanza na mhariri. Je, unahusu uwanja wa jarida? Je, utafiti uliohusisha watu una kibali cha maadili? Je, kuna sehemu zilizochotwa kwa wengine bila kukiri? Miswada mingi huishia hapo. Unaovuka huondolewa jina la mwandishi na kupelekwa kwa wahakiki wawili, nao hupendekeza: uchapishwe ulivyo, urekebishwe kidogo, urekebishwe sana, au ukataliwe. Hayo yote ni ushauri. Mpaka hapo hakuna kilichoamuliwa.

Wahakiki kutofautiana ni jambo la kale. Mwaka 1831 William Whewell, msomi wa Cambridge, aliishauri Royal Society ya London kwamba makala zinazowasilishwa ziandikiwe ripoti. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwa ya mwanafalaki George Airy, kuhusu jinsi Dunia na Zuhura zinavyoathiriana katika mizunguko yao. Walikabidhiwa watu wawili, Whewell mwenyewe na John Lubbock, na papo hapo wakahitilafiana. Whewell alitaka ripoti ieleze ukubwa wa ugunduzi, ilhali Lubbock alitazama zaidi kasoro za hesabu. Walivutana mpaka Lubbock akaridhia ripoti ya mwenzake. Mvutano wa wahakiki, basi, una umri sawa na uhakiki wenyewe, na asiyetaka kuubeba asikalie kiti cha mhariri.

Mhariri ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii ni John Tate wa Physical Review, jarida la fizikia la Marekani. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walimpelekea makala iliyodai kwamba mawimbi ya graviti hayapo. Tate angeweza kuipeleka moja kwa moja kiwandani. Nani angemlaumu kwa kumwamini Einstein? Yeye aliipeleka kwa mhakiki, na mhakiki akarudisha kurasa kumi za hoja. Tate hakumwandikia Einstein kwamba amekataliwa. Alimpelekea hoja zile na kumwomba azijibu. Einstein alikasirika, akajibu kwamba hakuruhusu kazi yake ionyeshwe mtu kabla ya kuchapwa, na akaiondoa. Makala ilitoka mwaka 1937 katika Journal of the Franklin Institute, lakini hitimisho lake lilikuwa limegeuzwa, kwa kuwa kosa lilikuwa limeonekana kabla ya kuchapwa. Mhakiki yule alikuwa Howard Robertson, na jina lake lilithibitishwa hadharani mwaka 2005. Mawimbi yenyewe yalinaswa na vipimo mwaka 2015.

Tate hakumpendelea mwenye jina kubwa. Upande wa pili wa haki hiyo unatuhusu sisi. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam na aliyekuwa amealikwa kuzungumza shuleni hapo. Osborne alirudi akaagiza jambo hilo lipimwe maabara. Mwaka 1969 jarida la Uingereza la Physics Education lilichapisha makala ya wawili hao. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa maana. Hayo hayapunguzi usahihi wa uamuzi wa 1969. Swali lilistahili kuwekwa mbele ya watu walipime, na limepimwa tangu hapo.

Wapo wanaosema mhariri akiamua mwenyewe atapendelea, kwa hiyo heri awafuate wahakiki. Hofu hiyo ina msingi, lakini wahakiki nao wana mipaka. Mwaka 1998 Fiona Godlee na wenzake walieleza jinsi walivyoingiza kasoro 8 katika makala moja na kuipeleka kwa wahakiki 420 wa jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Waliojibu walikuwa 221, na kwa wastani kila mmoja aligusia kasoro 2. Walikuwa wataalamu, si wazembe. Anayehesabu kura za watu wanaoweza kupitwa na mengi kiasi hicho anakwepa wajibu wake.

Kwetu tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tatizo linazidi. Katika fani nyingi wataalamu ni wachache, wamefundishana na wamesimamiana tasnifu. Jina likifutwa juu ya mswada, mtindo na eneo la utafiti humtaja mwandishi. Mhakiki anayemtambua anapaswa kutuambia na kujitoa, hata kama anaamini hana chuki wala upendeleo. Nasi tunapaswa kusoma ripoti kali kwa jicho lilelile tunalosomea ripoti ya sifa tupu: hoja iko wapi, na ushahidi wake ni upi?

Kuanzia toleo hili kila barua ya uamuzi itatiwa saini na mhariri aliyeamua, na itaeleza ni hoja zipi za wahakiki amezikubali, zipi amezikataa, na kwa nini. Mwandishi anayeona amekosewa atajibu hoja kwa hoja, na jibu lake litasomwa na mhariri mwingine ambaye hakuhusika mwanzo. Wahakiki nao tunawaomba watuarifu ndani ya wiki moja ikiwa hawataweza kuusoma mswada, tumtafute mwingine, kwa kuwa ukimya wao wa miezi unaweza kumchelewesha mtu kuhitimu au kupanda cheo.