Ruta ya pili nyumbani: mtandao wa duka utengwe na wa familia

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta siku hizi ruta hupangwa pamoja na chaja na spika, na baadhi ya wanaoziulizia tayari wanayo moja nyumbani. Wanataka ya pili kwa sababu mawimbi ya waifai hayafiki chumba cha nyuma. Kwa mfanyabiashara anayeendesha shughuli zake nyumbani, safu hii inaona kuwa hiyo ni sababu ndogo ya kutoa fedha. Ipo kubwa zaidi.

Anayejifunza uwekaji hesabu huanza kwa kuambiwa kwamba fedha za duka na za nyumba haziwekwi mfuko mmoja. Kwenye mtandao kanuni hiyo tumeisahau. Kompyuta yenye daftari la madeni ya wateja, printa ya risiti, televisheni, kamera ya getini na simu ya mpwa aliyekuja likizo, vyote vinategemea ruta moja, na kwa kawaida kila kimoja kinaweza kubisha hodi kwa mwenzake. Kirusi kikiingia katika simu ya mpwa, safari ya kulifikia daftari ni fupi.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi. Mei 2018 ikagunduliwa VPNFilter, ambayo watafiti wa Cisco walikadiria kuwa imeambukiza vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo.

Sasa, ruta ya pili huunganishwa kwa njia mbili, na hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapoweza kupotea. Njia ya kwanza, ambayo mafundi wengi huipenda, ni kutoa waya katika tundu la LAN la ruta ya kwanza na kuuchomeka katika tundu la LAN la ruta ya pili. Ruta ya pili hubadilishwa anwani ili isigongane na ya kwanza, kisha kazi yake ya kugawa anwani, inayoandikwa DHCP kwenye skrini, huzimwa. Mawimbi yatafika chumba cha nyuma, lakini daftari na simu ya mpwa bado vimo chumba kimoja.

Njia ya pili ni kuuchomeka waya huo katika tundu la WAN la ruta ya pili na kuiacha igawe anwani zake yenyewe, za kundi tofauti. Kama ya kwanza inatumia 192.168.1, ya pili ipewe 192.168.50. Kuanzia hapo vifaa vilivyo nyuma ya ruta ya pili havionekani na vile vya mbele, ilhali vyenyewe vinaendelea kupata intaneti kama kawaida.

Angalia upande, maana wapo wanaogeuza. Huwapeleka wageni kwenye ruta mpya na kuiacha kompyuta ya duka kwenye ya zamani. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa aliye ndani ya ruta ya pili anaweza kuvifikia vifaa vya ruta ya kwanza, lakini wa ruta ya kwanza hawezi kuingia ndani. Biashara ikae ndani, familia na wageni wabaki mbele.

Mpango huu una gharama zake. Printa iliyoachwa upande wa familia huenda isijitokeze yenyewe kwenye kompyuta ya duka, na kamera inayotazamwa ukiwa safarini inaweza kusumbua. Kasi ya intaneti unayolipia haiongezeki hata kidogo, na muuzaji anayeahidi vinginevyo aachwe na bidhaa yake. Aidha, baadhi ya ruta mpya zina mtandao wa wageni. Mwenye nayo aihamishie familia huko kwanza kabla ya kufungua pochi.

Kuhusu mitumba, tahadhari. Mei 2025 FBI ya Marekani ilionya kwamba ruta kuukuu, ambazo watengenezaji wameacha kuzitolea masasisho, zinatekwa na wahalifu. Muulize muuzaji kama toleo hilo bado linapata masasisho. Akibabaika, hiyo bei nafuu ni ghali. Ukishanunua, badili neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo.

Kwa wafanyabiashara wa Tanzania lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na daftari la wadaiwa lina majina na namba za simu za watu.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe aunganishe simu yake na mtandao wa familia, kisha ajaribu kufungua anwani ya ruta ya duka na ya printa iliyo upande huo. Ikifunguka hata moja, arudie kazi.