Mbao nafuu: Funzo la Kanada kwa maseremala wa Voi

HATUA ya Marekani ya kupandisha ushuru wa mbao laini kutoka Kanada hadi zaidi ya asilimia 35 kwa kampuni nyingi mnamo Agosti 2025, kisha kuongeza asilimia 10 nyingine Oktoba mwaka huo, huenda ikaonekana kuwa jambo la mbali kwa seremala wa Voi. Hata hivyo, swali lililozaa uhasama huo linamhusu pia. Mbao za jirani zinapouzwa kwa bei nafuu, je, ni kwa sababu jirani ana miti mingi, au ni kwa sababu serikali yake inambebea gharama?

Mzozo wa Marekani na Kanada umedumu tangu 1982. Nchini Kanada misitu mingi ni mali ya serikali za mikoa, ambazo hutoza kampuni ada kwa miti inayokatwa. Wenye viwanda wa Marekani hushikilia kwamba ada hiyo ni ya chini kuliko bei ya soko, na kwa hiyo ni ruzuku iliyofichwa. Kanada imekana daima. Mkataba wa amani wa 2006 ulipomalizika 2015, uchunguzi ulifunguliwa upya, na ushuru ukarejea 2017.

Taita Taveta nayo ina mazingira yake. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo. Misitu ya asili iliyosalia milimani, kama vile Ngangao na Mbololo, ni vipande vidogo vinavyohitaji ulinzi wala si msumeno. Nafasi ya kupanda miti ya mbao ni finyu.

Hali ilibana zaidi Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Siku 90 zilizotangazwa ziligeuka miaka. Rais William Ruto alipoiondoa marufuku hiyo Julai 2023, Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani kupinga. Katika kipindi hicho mbao za Tanzania zikawa tegemeo. Nchi hiyo ina mashamba makubwa ya miti, likiwemo la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi, mbali na misonobari na mikaratusi ya wakulima wadogo wa Iringa na Njombe. Njia mojawapo ya kuingilia Kenya ni mpaka wa Holili na Taveta, kisha Mwatate hadi Voi. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kutekelezwa Januari 2005, lengo limekuwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama zivuke bila ushuru wa forodha.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye msitu wa kuuza akidai kwamba mbao za jirani zina ruzuku, dai lake lapaswa kupimwa. Sheria ya 2017 iliunda wakala wa serikali, KETRA, kwa uchunguzi wa aina hiyo. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani ni kali: malalamiko yaungwe mkono na wazalishaji wa angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini, ithibitike kuwa ruzuku ipo, kuwa madhara yapo, na kuwa ruzuku ndiyo iliyoyaleta, na uchunguzi usizidi miezi 18. Kwa wanachama wa Afrika Mashariki, itifaki ya umoja huo humtaka anayetoa ruzuku awaarifu wenzake kwa maandishi. Mahali pa kulijadili jambo hilo kwanza ni Arusha, si lango la Taveta.

Hapo ndipo Kenya ingekabiliwa na maswali magumu. Wachunguzi hutakiwa kutenganisha madhara ya ruzuku na madhara ya mambo mengine, na uhaba wa mbao nchini ulitokana kwa kiasi kikubwa na amri ya Nairobi yenyewe. Isitoshe, Shirika la Huduma za Misitu la Kenya pia huuza miti ya mashamba ya umma. Kipimo wanachotumia Wamarekani dhidi ya Kanada, yaani bei ya mti kabla haujakatwa, kingeweza kugeuzwa na kuelekezwa Kenya.

Malalamiko ya mkulima wa Wundanyi si ya kupuuzwa. Mti huchukua miaka mingi kukomaa, na bei ikianguka siku ya kuvuna, jasho lote limepotea. Lakini ushuru unaomlinda hulipwa na mtu mwingine: seremala wa vitanda na madawati, fundi wa paa, na hatimaye mnunuzi.

Kanuni hizo hizo huwapa watumiaji wa bidhaa nafasi ya kusikilizwa kabla ya uamuzi. Nafasi hiyo haina maana kwa fundi wa jua kali asiye na risiti wala chama cha kumsemea. Kaunti na wafanyabiashara wake wangefanya vyema kuweka kumbukumbu za bei na kiasi cha mbao zinazovuka Taveta, huku serikali kuu ikitangaza wazi inauza miti yake kwa bei gani. Bila takwimu hizo, ushuru wowote utakaowekwa utakuwa wa kukisia, na gharama yake itaangukia karakana za Voi.