Matone mangapi?

Na Rehema Mbwambo

Jirani yangu alipiga hodi jioni, kashika chupa ndogo ya kahawia aliyoificha kwenye upindo wa kanga. Mwanawe wa miaka saba ana kifafa. Chupani mlikuwa na mafuta ya bangi, aliyouziwa na mtu aliyemwapia kwamba yameshamponya mtoto mwingine. Hakuja kuuliza kama ni halali, sheria anaijua. Aliniuliza, "Dada, nimpe matone mangapi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile limekaa nami wiki nzima. Tunapobishana kuhusu bangi kama dawa, huyu husema ruhusuni, yule husema kamateni. Mama anayekesha na mtoto, kijiko mkononi, hajibiwi na yeyote.

Niseme wazi kwamba mmea huu una dawa ndani yake. Mei 2017, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kisichosikia dawa za kawaida. Karibu nusu yao waliongezewa kanabidioli, kiini cha bangi kisicholevya. Waliobaki walipewa kimiminika kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, na si wazazi wala madaktari waliojua nani kapewa kipi. Kwa waliopewa dawa, kiwango cha kati cha mishtuko kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Kwa wenzao kilitoka 14.9 kikaishia 14.1. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex. Dozi yake huhesabiwa kwa kilo za mtoto.

Jaribio hilohilo lilionyesha jambo ambalo muuza chupa halitaji. Baadhi ya watoto vipimo vya ini vilipanda, na waliopatwa na hali hiyo walikuwa wakitumia pia valproeti. Hiyo ni dawa ya kifafa inayotolewa hata katika hospitali zetu. Mama akizichanganya hizo mbili jikoni kwake, nani atalipima ini la mwanawe?

Wapo walioamua kuipata bangi kama dawa kwa kura. Novemba 1996, wapigakura wa California waliruhusu wagonjwa kutumia bangi. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wameuguza vijana wenye UKIMWI waliokonda wakabaki mifupa, wasioweza kushikilia chakula tumboni. Serikali yao kuu ilikuwa imeiweka bangi katika kundi lenye masharti makali kuliko yote tangu 1970, na kwa miongo kadhaa mtafiti aliyeihitaji kihalali alitegemea shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi. Serikali inayokataza dawa isipimwe, kisha ikasema haina ushahidi, inawatesa wagonjwa wake, na naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Lakini kura hutoa ruhusa, haitoi dozi. Katika utafiti uliochapishwa 2017, bidhaa 84 za kanabidioli zilinunuliwa mtandaoni na kupimwa. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo hazikufika theluthi moja. Katika 18 kati yake kulikutwa THC, kile kiini kinacholevya. Hizo angalau zilikuwa na lebo. Chupa ya jirani yangu haina hata kipande cha karatasi.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda California kulielewa hili. Mwaka 2011 tulipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mitishamba, kikombe shilingi 500. Wakubwa walikunywa, wadogo walikunywa. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyerudi akisema amepona, na wapo waliorudi wakaacha ARV. Ushuhuda wa aliyepona tuliusikia kila mahali. Wa aliyezikwa hatukuusikia.

Huwa naambiwa kwamba taratibu za kuidhinisha dawa ni njama ya makampuni makubwa dhidi ya mimea yetu. Wanaosema hivyo nawaomba waitazame Uganda. Afyuni imevunja nyumba nyingi duniani, na mofini hutoka humohumo. Hata hivyo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, imewafikishia wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa, inayochanganywa palepale nchini kutokana na unga na maji, ikitiwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake. Mwaka 2004 kanuni zikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika, kwa kuwa vijijini daktari haonekani. Hakuna aliyeruka vipimo wala kufuta daftari la dawa. Kilichobadilishwa ni sheria iliyomzuia muuguzi kumfikia mgonjwa. Ningependa Bunge letu liisome sura hiyo kabla ya kuanza mjadala wowote wa mashamba ya bangi na fedha za kigeni. Rwanda iliruhusu kilimo hicho 2021 kwa dawa za kuuza nje, na raia wake bado wamekatazwa kuitumia kwa starehe.

Ninachokitaka ni hiki. Watafiti wetu wapewe vibali vya kuipima bangi bila kuonekana wahalifu. Atakayeleta dawa itokanayo nayo, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) imdai ushahidi uleule inaoudai kwa dawa ya malaria, usipungue kwa sababu ya huruma wala usiongezwe kwa sababu ya woga. Na mama mwenye chupa asikutane na polisi kabla hajakutana na mganga wa hospitali.

Shirika la Afya Duniani linasema robo tatu ya wenye kifafa katika nchi zenye kipato cha chini hawapati matibabu wanayohitaji, wakati vidonge vya kawaida ni vya bei nafuu. Nililikumbuka hilo Jumanne nilipomsindikiza jirani yangu kliniki. Tuliiweka chupa mezani mbele ya daktari, naye hakufoka. Alimpandisha mtoto kwenye mizani, ikasoma kilo 21. Akafungua kadi, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akatuuliza lini dozi ya fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ilibadilishwa mara ya mwisho. Mama hakukumbuka. Kadi ilionyesha ni ileile aliyoanzishiwa akiwa na miaka mitatu na kilo 13.