HAKI ILIYOVISHWA JINA LA HISANI

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni watu wa elimu, wanaokariri kauli iliyotungwa mbali na hapa: kwamba serikali ya Marekani inapomtambua mfanyabiashara mweusi na kumtengea fungu katika zabuni, inawadhulumu weupe. “Ubaguzi ni ubaguzi,” husema. Kauli hii ina sura ya uadilifu, lakini mwenye kuisema hajauliza suali la mwanzo ambalo kadhi yeyote huliuliza anapoletewa shauri la mali: mali hii ilikuwa ya nani, na ilimtokaje mkononi?

Basi na tuulize. Tarehe 3 Machi 1865 Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha benki ya akiba ya watu waliotoka utumwani, iliyojulikana kama Freedman's Bank. (Suala la riba lina mahali pake, hapa nazungumzia amana.) Vibarua, madobi na askari walipeleka senti zao huko wakiamini kuwa serikali ndiyo mdhamini, nao mawakala wa benki hawakuwatoa katika dhana hiyo. Serikali haikuwa mdhamini. Mwaka 1870 Bunge la nchi hiyo likalegeza masharti ili fedha zile zikopeshwe kwa rehani ya ardhi na majengo, na kamati ya fedha ilikuwa mikononi mwa Henry Cooke, ndugu wa tajiri Jay Cooke. Kampuni ya Jay Cooke ilianguka 1873. Machi 1874 ndipo alipowekwa Frederick Douglass, mweusi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, kuwa rais wa benki. Aliikopesha dola 10,000 zake mwenyewe kabla ya kugundua kuwa amekabidhiwa maiti. Mwishoni mwa Juni ilifungwa, na watu zaidi ya 61,000 walibaki wakidai karibu dola milioni 3. Waliobahatika walirejeshewa sehemu. Wengi hawakupata kitu.

Hayo ni ya kale, watasema. Naam, tuje karibu. Mtaa wa Greenwood, mjini Tulsa, ulikuwa na maduka, hoteli na ofisi za madaktari, vyote vya watu weusi, wala hakuna serikali iliyowasaidia kuvijenga. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 makundi ya weupe, baadhi yao wakiwa wamepewa silaha na wakuu wa mji, yaliteketeza eneo la vitalu vipatavyo 35. Makampuni ya bima yalikataa kulipa, yakijificha nyuma ya kifungu cha ghasia. La kushangaza zaidi, mji ukapitisha kanuni mpya za ujenzi ambazo waliounguliwa wasingeweza kuzitimiza, hadi wakili B. C. Franklin, akifanya kazi ndani ya hema, alipozipinga mahakamani na kushinda. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliyatupilia mbali madai ya manusura wa mwisho, vikongwe waliopita miaka 100.

Sasa nani anamdhulumu nani?

Lakini nina neno pia na wanaoushangilia msaada ule. Ofisi ya biashara za wachache ilizaliwa kwa amri ya Rais Nixon, 5 Machi 1969. Ilikuja kwa jina la kuwainua wanyonge, deni halikutajwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Hisani hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na akitaka huizuia. Haki humfuata mdaiwa mpaka ailipe. Mji wa Richmond, ambao nusu ya wakazi wake walikuwa weusi, uliwahi kuona kuwa kandarasi zake za ujenzi zilizowafikia wachache hazikutimia hata asilimia 1. Ukaagiza asilimia 30 ya thamani ya kandarasi ipitie makampuni yao. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kanuni hiyo, kwa hoja kuwa mji haukuthibitisha ubaguzi! Machi 2024 jaji wa Texas akaizuia ofisi ile ya Nixon kuzingatia rangi ya mwombaji, na Machi 2025 Rais Trump akaamuru ipunguzwe kadiri sheria inavyoruhusu. Kilicholetwa kwa kalamu ya rais mmoja kilikatwa kwa kalamu ya mwingine, na mfanyabiashara hakuwa na hati ya kudai chochote.

Hati, hata hivyo, zipo. Daftari za benki ile zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Washington, zikiwa na majina ya wenye akiba, ya wake zao na watoto wao, na mara nyingine jina la bwana aliyewamiliki. Wajukuu huzipekua kutafuta nasaba zao. Na Januari 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani iliamua kuitambua benki hiyo: ikalipa jina lake jengo mojawapo la wizara, lililosimama pale pale yalipokuwa makao yake makuu.