Pampu Bila Spea ni Mzigo

Wandugu, leo tunaongea kitu ambacho vijana wengi, hasa sisi wanaume, tunaona aibu kukiongea: pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Mtatucheka, hakuna shida. Sisi ndio tunabeba masanduku ya misaada, na tumeona yaliyomo.

Mama mmoja tunayemfahamu alivuka Mpondwe akiwa na mimba, akajifungua huku kabla ya wakati. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Akapewa pampu ya mkono iliyotoka kwenye sanduku la msaada. Mwanzoni ilienda vizuri. Baada ya wiki kadhaa maziwa yakapungua, kila siku chini kidogo. Majirani wakasema yamekauka, wengine wakasema ni jicho la mtu. Tayari alikuwa anatafuta pesa ya maziwa ya kopo.

Mwenzetu mmoja, fundi wa simu, akaomba aione ile pampu. Akaifungua, akakuta kale kampira keupe, valvu, kamechanika pembeni, mpasuko mdogo kama ukucha. Basi. Hewa ilikuwa inapitia pale, pampu haivuti. Na maziwa yasipotolewa, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki, unapunguza kutengeneza. Mama hakukauka. Kampira ndiko kalikufa.

Tukatafuta kampira kengine Bwera, tukapanda hadi Kasese mjini. Duka la dawa linakuuzia pampu nzima, kampira peke yake hakana mtu. Na ya aina moja haiingii kwenye aina nyingine. Aliyemsaidia ni nesi, kwa mikono tu: osha mikono kwa sabuni, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, halafu bana, achia, rudia. Usiteleze vidole kwenye ngozi, utaumia. Mara nane au zaidi kwa siku, usiku pia. Mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo. Maziwa hayakurudi siku moja, ilichukua siku nyingi na machozi. Lakini yalirudi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tunayasema kwa heshima kwa ndugu zetu wa mashirika: mama afundishwe mkono kwanza, pampu baadaye. Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wachanga wakati wa dharura, toleo la 2017, unasema pampu zitumike pale tu zinapohitajika kabisa na zinapoweza kusafishwa vizuri, kwa mfano kwenye kituo cha afya. Wengine wakisoma hapo wanasema basi pampu zifutwe zote. Hapana. Kuna mama ambaye mtoto amelazwa, kuna dada aliyezaa na anataka kurudi shule. Hao wana haki ya pampu. Ila mletee aina moja inayojulikana, na valvu za akiba ndani ya mfuko huohuo. Kale kampira kanachoka kwa kutumika. Ukikaona kamejikunja, kamelegea au kamechanika, kabadilishe.

Na usafi, jamani. Mwaka 2016 huko Marekani mtoto njiti alipata maambukizi ya bakteria anayeitwa Cronobacter, na vifaa vya pampu vikahusishwa. Huko kuna bomba ndani ya nyumba! Huku tunachota kwa jerikani. Kila baada ya kukamua, fungua kila kipande kilichogusa maziwa, osha kwa sabuni na maji safi katika beseni lake peke yake, si lile la vyombo wala la nepi. Suuza, weka juu ya kitambaa safi, acha vikauke kwa hewa. Usifute kwa kanga uliyojifunga. Kama mtoto ni njiti au hajafika miezi miwili, chemsha mara moja kwa siku vile vinavyoruhusiwa kuchemshwa. Usiazimane pampu na jirani hata kama ni dada yako, maziwa yanaweza kuingia mahali ambapo brashi haifiki.

Kwa wenzetu wa Kilembe, neno moja zaidi. Nyamwamba si mto wa kuoshea vitu hivi. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 mnayakumbuka, na mabaki ya mgodi wa shaba yako kandokando ya mto. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini. Chota kwenye bomba au chemchemi iliyolindwa, hata kama foleni ni ndefu. Baba naye anaweza kupanga foleni, hatafa.

Sanduku la mwisho tulilofungua tulihesabu: pampu kumi na mbili, aina tano, valvu ya akiba hata moja hakuna. Tumezitenga. Jumamosi tunakaa na mama wa VHT tuzikague moja moja. Kama una pampu inayolala nyumbani ukidhani maziwa yako yamekwisha, ilete pamoja na beseni. Fundi wa simu atakuwepo.