Linki Isimjibie Biharusi



Sisi mafundi wa kike wa Mkuyuni, huku Morogoro chini ya milima ya Uluguru, tunawashonea mabiharusi ambao wengine hatuwaoni kwa macho. Oda zinakuja kwa simu. Dada anaona picha ya gauni, anabonyeza linki, na fomu inafunguka ikiwa imeshajazwa. Leo tunasema jambo ambalo wafanyabiashara wenzetu huenda wasilipende: fomu nyingi za namna hii zinamjibia biharusi maswali ambayo hakuulizwa.

Wengi wanadhani simu imejua yenyewe. Simu haijui kitu, muuzaji ndiye aliyeandika majibu ndani ya linki. Itazame linki ya WhatsApp inayoanza na wa.me. Baada ya namba ya simu kuna alama ya kuuliza, kisha neno text, na mbele yake maneno yote utakayoyakuta kwenye kisanduku chako. Fomu za Google nazo zina sehemu ya kutengeneza linki iliyojazwa. Picha kumi, linki kumi, kila moja na majibu yake.

Jambo lenyewe si baya. Ukibonyeza picha ya gauni namba 7 na fomu ikaja imeandikwa gauni namba 7, umepunguziwa kazi. Linki imebeba kile ulichokionyesha kwa kidole chako. Hata sisi tunaitumia hivyo.

Ugomvi wetu ni pale dada anapobonyeza picha moja, fomu ikafunguka na mkono mfupi, shela ya kukodi, usafiri wa haraka, kianzio kisichorudi, na tiki imeshawekwa kwenye "nimekubali masharti". Amechagua kimoja, amejaziwa vitano. Biharusi ana hina, ana wageni, ana mambo mia, anabonyeza tuma. Gauni likifika na mikono mifupi akalalamika, anaonyeshwa ujumbe wake: "Si uliandika mwenyewe?" Hakuandika! Tumeletewa magauni ya hivyo tuyaongezee mikono siku mbili kabla ya nikah, na kitambaa cha kufanana hakipatikani.

Watasema angesoma, angefuta. Ni kweli, WhatsApp haitumi mpaka ubonyeze. Lakini muuzaji anajua kwamba mtu akikuta nafasi tupu hufikiri, akikuta imejaa hupita. Mbona hatujaona fomu iliyojazwa "sitaki nyongeza" au "kianzio kinarudishwa"? Kinachojazwa ni kile kinachomfaa muuzaji tu.

Dini yetu imeshatufundisha. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Allah ameamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayetamka maneno ya kuandikwa awe yule mwenye haki juu yake, yaani mdaiwa. Fomu hizi zimegeuza mambo. Muuzaji anatamka na kuandika, na mlipaji anabaki kubonyeza. Na wale wanaotutania kwamba kunyamaza kwa bikira ndiyo idhini yake, wakumbuke kuwa mafundisho hayo ya Mtume (s.a.w.) yanaanza na kumuomba idhini. Anaulizwa kwanza. Fomu iliyokuja na jibu haikuuliza.

Hata wasio wa dini yetu wameliona. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, iliamua kuwa tiki iliyowekwa kabla mtu hajaiweka mwenyewe si ridhaa. Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Zito zaidi ni vipimo. Wapo wanaomtumia biharusi linki iliyojazwa jina lake, namba yake, kifua, kiuno na nyonga, eti ahakiki tu. Linki ile ni maandishi, na majibu yamo ndani yake. Akiipeleka kwenye kundi la maandalizi ya harusi ili mashoga wamsaidie kuchagua rangi, yeyote aliyemo, hata shemeji, akiifungua anasoma umbo lake kwa inchi. Tunamshonea gauni la kumsitiri, halafu tunatangaza vipimo vya mwili wake? Haya iko wapi?

Kwa hiyo wenzetu, jazeni namba ya gauni na rangi ya pichani, basi. Mikono, nyongeza, malipo na masharti viacheni vitupu, mwenyewe ajaze. Vipimo visikae kabisa ndani ya linki. Na msiiamini bei iliyomo humo, maana mtu anaweza kuibadilisha kwa kidole kabla hajatuma.

Nawe biharusi, usitume maneno usiyoyasoma. Futa yote, andika kwa mkono wako: gauni gani, mikono mpaka wapi, lini unalihitaji, kianzio kikoje. Vipimo mpe fundi peke yake. Fundi akikasirika kwa sababu umefuta maneno yake, mwache, tafuta mwingine. Mafundi tuko wengi, alhamdulillah.

Allah azibariki harusi zenu na atujaalie riziki ya halali. Amin.